Halijoto na deraya ya samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi, walimu na watu wanaofuga samaki wa mapambo hapa Nairobi. Wengi huja wakiwa wamesikia kwamba baridi huwafanya samaki wavae deraya. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hufika masikioni ikiwa imekatwa kichwa na mkia, na ndiyo maana najibu kwa urefu.

Deraya ya samaki ni kitu gani? Si magamba tu?

Magamba ya ngege unayemnunua Gikomba ni vipande vyembamba vinavyopindika. Kisu kikipita kinyume, yanaruka jikoni kote. Deraya ni jambo jingine. Ni mfupa wenyewe uliootea ndani ya ngozi na kufanya mabamba magumu. Mara nyingi mabamba hayo hupangwa kama mabati ya paa, moja likilalia jingine, ili mwili uweze kupinda bila kuacha mwanya wa jino kupenya. Miiba ya mgongoni na tumboni nayo ni sehemu ya deraya, hasa ile inayojifunga wima na kukataa kulala hata ikisukumwa.

Samaki wa namna hii ni wa kale mno. Plakodemu, kundi lililokuwa na vichwa na vifua vilivyofunikwa mfupa mtupu, walitawala bahari kabla hawajatoweka miaka milioni 359 hivi iliyopita. Dunkleosteus, mmoja wao, alikuwa na kingo za mfupa mdomoni badala ya meno. Tangu hapo deraya imezuka na kupotea mara nyingi katika koo zisizohusiana kwa karibu. Kitu kinachozuka na kupotea mara nyingi hivyo kina faida na kina gharama, na halijoto huingia katika hesabu hiyo kupitia pande zote mbili.

Kwa nini kila mara anatajwa samaki mmoja, huyu stikibaki?

Kwa sababu yeye ndiye aliyetuachia ushahidi mwingi zaidi. Jina lake la kisayansi ni Gasterosteus aculeatus. Ni samaki mdogo, kwa kawaida hazidi urefu wa kidole, mwenye miiba mitatu mgongoni, na anaishi pande za kaskazini mwa dunia: Ulaya, Amerika Kaskazini, Japani. Kule baharini, stikibaki huwa na safu nzima ya mabamba ubavuni, zaidi ya 30 kila upande, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Katika maziwa na mito isiyo na chumvi, wengi hubaki na mabamba machache tu upande wa mbele, chini ya miiba, na wengine hawana hata moja.

Barafu kuu zilipoyeyuka miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita, maelfu ya maziwa mapya yalifunguka kaskazini. Stikibaki wa baharini wakapanda mito wakaingia humo, kila ziwa likipata kundi lake. Mahali baada ya mahali wakapunguza mabamba, kila kundi peke yake. Mtafiti wa kawaida huomba jaribio lirudiwe mara tatu au nne. Hapa maumbile yenyewe yamelirudia mara nyingi kupita kiasi. Ukitaka kujua joto lina mkono gani, unalinganisha maziwa yenye baridi na yenye vuguvugu na kuhesabu mabamba.

Kenya hatuna stikibaki. Hilo lisimkatishe mtu tamaa, kwa sababu fizikia ya maji ni ileile na sisi tuna samaki wetu, nitakaowafikia.

Halijoto inaingia wapi?

Fikra hii si ya jana. Mwaka 1947 Mbelgiji aitwaye Heuts alichapisha majaribio katika juzuu ya kwanza kabisa ya jarida la Evolution. Aliwaweka stikibaki wa aina mbili, wa mabamba kamili na wa mabamba machache, katika michanganyiko tofauti ya joto na chumvi, akaona kwamba hawastahimili michanganyiko hiyo kwa namna moja. Kwa maneno mengine, idadi ya mabamba ilikuwa inaambatana na uwezo wa mwili kuvumilia hali fulani ya maji.

Mwaka 1982 Hagen na Moodie waliangalia ramani nzima. Walichokiona ni hiki: sehemu ambazo majira ya baridi ni makali, kama mashariki mwa Kanada na mashariki mwa Ulaya, stikibaki wa maji matamu mara nyingi hubaki na mabamba kamili. Sehemu ambazo bahari hupoza ukali wa majira, kama Uingereza na pwani ya Pasifiki ya Kanada, wenye mabamba machache ndio wengi. Kwa hiyo ile hadithi kwamba samaki akiingia maji matamu hupoteza deraya si kweli kila mahali. Nchini Poland unaweza kuvua mtoni stikibaki aliyevaa mabamba mwili mzima.

Utafiti mpana zaidi wa Ulaya ulichapishwa mwaka 2020. Watafiti waliwapima samaki kutoka mito, maziwa, vidimbwi vya nyanda za juu na wangwa za pwani, kisha wakauliza ni vitu gani vya mazingira vinavyotabiri deraya vizuri zaidi. Vitatu vilijitokeza: ukubwa wa mwili, halijoto ya chini kabisa wakati wa majira ya baridi, na asidi ya maji. Tazama neno hilo, ya chini kabisa. Haikuwa wastani wa mwaka. Samaki anaweza kupita miezi kumi ya raha. Wiki zile mbili tatu mbaya ndizo zinazoamua nani ataacha watoto. Kwangu hili ndilo jambo la maana kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo watu huliruka wanaposema "baridi" kana kwamba ni kitu kimoja.

Baridi inamfanyaje samaki ahitaji mabamba?

Hapa kuna maelezo kadhaa yanayoshindana.

La kwanza ni la mbio. Joto la mwili wa samaki ni joto la maji alimo. Maji yakipoa nyuzi 10 za Selsiasi, kazi nyingi za mwili wake hupungua hadi nusu au theluthi, misuli ikiwamo. Samaki katika maji ya nyuzi 4 hawezi kuruka upesi kama yule wa nyuzi 18. Ndege mpiga mbizi na fisi maji, kwa upande wao, wana damu yenye joto lilelile mwaka mzima, na trauti huendelea kuwinda kwenye maji yenye baridi ambayo huwazubaisha samaki wengine. Aliyeshindwa kukimbia hubaki na njia ya pili, yaani kukamatwa na bado kupona. Mabamba yanafaa hasa hapo. Kazi za mtafiti Reimchen katika visiwa vya Haida Gwaii huko Kanada zilionyesha kwamba stikibaki wengi hukamatwa kisha huponyoka, na mabamba hupunguza majeraha ya meno. Upande mwingine, mabamba huupunguzia mwili wepesi. Wenye mabamba machache hufyatuka haraka zaidi. Kwa hiyo maji ya vuguvugu yanampendelea mkimbiaji, na ya baridi yanampendelea mvumilivu. Naipenda hoja hii, ila ina tundu: barafu ikishafunika ziwa, ndege hawawezi kupiga mbizi tena, na tishio lao hutoweka katika wiki zilezile za baridi kali kabisa.

La pili ni la wadudu. Lava (yaani wadudu wachanga) wa kereng'ende na mende wa majini huwakamata stikibaki wachanga kwa kuwashika, na miiba na mfupa uliochomoza huwapa mahali pa kushikia. Mwaka 2009 Marchinko alionyesha kwamba wadudu hao wakiwapo, uteuzi wa asili, yaani nani anaishi na kuzaa, huwapendelea samaki wenye deraya ndogo na wanaokua haraka. Wadudu ni viumbe wa joto: maji yakipoa, hula kidogo na kukua polepole. Penye baridi ndefu, basi, msukumo wa kuacha deraya unaweza kuwa dhaifu, na mabamba yakabaki kwa sababu hakuna aliyeyaondoa. Kati ya maelezo yote, hili naliona lina nguvu kuliko linavyopewa nafasi, kwa kuwa halihitaji baridi ijenge chochote.

La tatu ni la gharama. Mabamba yanahitaji kalsiamu na fosfati, na kuyajenga kunakula nguvu ambayo ingekuza mwili. Mwaka 2008 Barrett na wenzake waliwaweka stikibaki wa baharini katika vidimbwi vya maji matamu huko British Columbia na kufuatilia nakala za jeni ya mabamba. Waliobeba nakala ya mabamba machache walikua haraka zaidi na kuvuka majira ya baridi kwa wingi zaidi. Hapo msomaji makini atashtuka: kama mabamba machache husaidia kuvuka baridi, mbona kwenye baridi kali zaidi tunakuta mabamba kamili? Pwani ya British Columbia ina majira ya baridi yaliyo mapole kuliko ya Poland au Quebec. Faida ya kukua haraka inahitaji chakula na muda wa kula, na majira mafupi ya joto hayatoi muda huo. Fumbo halijafumbuliwa lote, lakini mwelekeo wake unaeleweka.

La nne husahaulika: huenda baridi haichagui mabamba kabisa. Jeni hukaa pamoja kwenye kromosomu na kurithiwa kwa mafungu. Ikiwa jirani wa jeni ya mabamba ndiye anayemsaidia samaki kwenye baridi, mabamba yatasafirishwa naye bila kuwa na kazi yoyote.

Kwa hiyo samaki akipigwa na baridi anaota mabamba?

Hapana. Huu ndio mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Samaki mmoja hawezi kujiamulia deraya kwa sababu maji yamepoa. Kinachobadilika ni kundi: miongoni mwa waliozaliwa, wenye jeni fulani huishi na kuzaa zaidi, na kizazi kifuatacho huwa na wengi wa aina yao.

Jeni yenyewe inajulikana. Mwaka 2005 timu ya David Kingsley wa Chuo Kikuu cha Stanford, kazi ikiongozwa na Pamela Colosimo, ilionyesha kwamba tofauti kubwa kati ya mabamba kamili na machache inatokana na jeni iitwayo Eda, kwenye kromosomu ya nne. Nakala ya mabamba machache ni ya kale, ina miaka karibu milioni mbili, na baharini hubebwa kimyakimya na samaki wachache. Wakiingia ziwani, nakala hiyo huwa tayari imo ndani ya kundi, na ndiyo sababu maziwa mengi yamefika kwenye jibu lilelile.

Jeni hiyohiyo tunayo sisi binadamu. Ikiharibika, mtoto huzaliwa na nywele chache, meno machache na tezi chache za jasho. Kwa kukosa jasho, mwili wake hupanda joto hatari jua likiwa kali, na mzazi hulazimika kumpoza kwa maji na kivuli. Njia moja ya kikemikali inayojenga vitu vya ngozini imetumika kwa mabamba ya samaki na kwa jasho la mtu. Kila ninapoisimulia mbele ya darasa, kunatulia.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba joto la maji wakati yai linakua linaweza kugusa baadhi ya hesabu za mwili. Tangu karne ya 19 wanasayansi wamejua, kupitia David Starr Jordan, kwamba samaki wa maeneo ya baridi huelekea kuwa na pingili nyingi zaidi za uti wa mgongo. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na joto moja kwa moja, bila jeni kubadilika. Kwa mabamba ya stikibaki, urithi ndio wenye neno kubwa.

Mbona samaki wa Turkana na wa Amazon wana deraya nzito, na maji yao ni ya joto?

Swali zuri kuliko yote ninayoulizwa.

Ziwa Turkana lina samaki wa jenasi ya Polypterus, mrefu, mwenye mapezi madogomadogo yaliyopangwa mgongoni na mwili uliofunikwa magamba mazito yanayong'aa. Anaweza pia kuvuta hewa kwa mapafu. Mwaka 2008 wahandisi wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichunguza gamba la Polypterus senegalus, spishi mojawapo iliyomo Turkana, na wakakuta tabaka nne: ganoini ngumu juu (kitu kama enameli ya jino), kisha dentini, kisha isopedini, kisha mfupa. Unene wote hauzidi nusu milimita kwa namna ya kuhesabika. Tabaka ya juu hupokea kishindo cha jino, zile za chini husambaza nguvu na kuzuia ufa usienee. Na samaki huyu anaishi kwenye maji ya joto mwaka mzima, katika moja ya sehemu zenye jua kali kuliko zote nchini.

Kule Amerika Kusini, kambare wa jamii ya Loricariidae, wale wanaofyonza kioo cha tangi na ambao wafugaji huwaita pleko, wamefunikwa mabamba kutoka kichwani hadi mkiani. Arapaima wa Amazon ana magamba ambayo meno ya piranha hushindwa kuyatoboa. Upande wa pili, sturjoni wa mito yenye baridi ya Urusi ana safu tano za mabamba ya mfupa.

Ukiwapanga samaki wote wa dunia kwa joto la maji yao, hutapata mstari ulionyooka. Halijoto huonekana vizuri ndani ya spishi moja, ambapo mambo mengine mengi yako sawa. Ukivuka kutoka ukoo mmoja hadi mwingine, historia ya ukoo, aina ya wawindaji na mtindo wa maisha vinafunika kila kitu. Polypterus amebeba magamba yake tangu mababu wa zamani sana. Hatujengi hoja ya baridi na joto kwa kumweka yeye kando ya stikibaki.

Je, konokono na makombe si kinyume? Nimesoma kwamba yale ya bahari za joto ni manene zaidi.

Ndivyo ilivyo. Kwa ujumla makombe huwa mazito kuelekea ikweta na mepesi kuelekea ncha za dunia. Katika maji yenye baridi, kabonati ya kalsiamu, madini yanayojenga makombe, huyeyuka kwa urahisi zaidi na kuitoa majini kuwa kombe kunagharimu zaidi. Tena bahari za tropiki zina kaa na samaki wengi wanaovunja makombe, ilhali bahari ya Antaktika karibu haina wavunjaji hao.

Lakini mfupa wa samaki ni fosfati ya kalsiamu, si kabonati, na umejengwa ndani ya mwili, si nje. Gharama zake hazipandi kwa njia ileile. Hata hivyo, ulinganisho huu unatukumbusha swali la kuuliza kila mara: joto limebadilisha bei ya kujenga, au limebadilisha hatari ya kuliwa?

Kuna ushahidi kwamba vitu vingine vina nguvu kuliko halijoto?

Upo, na ni mzuri. Ziwa Washington, jijini Seattle, lilikuwa limechafuliwa na maji taka hadi ukitumbukiza kitu hukioni chini ya mita moja. Miaka ya 1960 maji taka yakaelekezwa kwingine, na ziwa likang'aa hadi unaona mita saba chini. Trauti wakaanza kuwaona stikibaki vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki wenye mabamba kamili walikuwa asilimia 6. Mwaka 2005 walikuwa asilimia 49. Wanasayansi waliochapisha habari hii mwaka 2008, Catherine Peichel akiwa mmoja wao, waliiunganisha na kuonekana, kwa hiyo na kuwindwa.

Kisha kuna kalsiamu. Katika kisiwa cha North Uist, Uskoti, maziwa madogo yenye asidi na kalsiamu haba yana stikibaki waliopunguza deraya kupita kiasi, wengine hata miiba wameipoteza.

Mabadiliko haya huchukua muda gani?

Pungufu ya unavyodhani. Ziwa Loberg huko Alaska lilitiwa sumu mwaka 1982 ili kuwaondoa samaki waliokuwamo, na baadaye stikibaki wa baharini wakaingia wenyewe. Mwaka 1990 karibu wote walikuwa na mabamba kamili. Kufikia 2001, robo tatu hivi walikuwa na mabamba machache. Stikibaki huzaa akiwa na mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo hicho ni kipindi cha vizazi vichache tu.

Kuhusu uvumilivu wa baridi wenyewe, Barrett na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba stikibaki wa baharini waliohamishiwa vidimbwi vya maji matamu walipata, ndani ya vizazi vitatu, uwezo wa kuvumilia maji yenye baridi zaidi kwa nyuzi 2.5 kuliko mababu zao wa baharini. Wanaofundisha kwamba mageuko lazima yachukue mamilioni ya miaka wanapaswa kubadilisha noti zao za somo.

Dunia inapopata joto, samaki watapoteza deraya?

Stikibaki wa Ulaya huenda wakapunguza, kwa sababu baridi za majira zinapungua ukali na hilo ndilo linalohusishwa na mabamba. Siwezi kusema zaidi ya "huenda". Maji yakipata joto, wawindaji wapya huingia, mvua hubadilika na asidi ya maji hubadilika nayo, na kila kimoja kinavuta upande wake. Anayekuuzia utabiri ulionyooka hapa amesahau Ziwa Washington.

Nikishusha joto la tangi langu, pleko wangu atakuwa na deraya nene?

Hatakuwa. Atakosa hamu ya kula, kinga yake itadhoofika, na baridi ya Julai ya Nairobi inaweza kumuua ikiwa tangi halina hita. Huyo ni samaki wa maji ya joto. Mtunzie nyuzi 24 hadi 28.

Na nakuomba sana: akikua ukashindwa kumfuga, usimmwage mtoni wala Nairobi Dam. Jamaa zake waliotupwa hovyo wamejaa Florida na Meksiko, huchimba kingo za mito na kujaza nyavu za wavuvi. Huko Puerto Rico ndege waitwao wari wamekufa wakijaribu kuwameza, kwa sababu miiba hujifunga wima kooni. Mwindaji wa huku hajawahi kukutana na deraya ya aina hiyo. Mrudishe dukani au umpe mfugaji mwingine.

Kenya kuna nini cha kuchunguza?

Tuna kitu ambacho Ulaya hawana: joto linalobadilika kwa mwinuko, si kwa majira. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, mahali penye ubaridi, na maji yake huingia Athi, yakapita Tsavo yenye joto kali, yakafika bahari karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mkondo mmoja, halijoto nyingi.

Katika vijito vya milimani vya Athi na Tana wamo kambare wadogo wa jenasi ya Amphilius, wanaojishikiza kwenye mawe ya maji yaendayo kasi. Ngozi yao ni tupu, haina bamba wala gamba. Ndugu zao wa jenasi ya Phractura, wa mito ya joto ya bonde la Kongo, wamevaa mabamba ya mfupa mwilini. Mtu angesema upesi: tazama, Afrika ni kinyume cha Ulaya, baridi inavua na joto linavisha. Asiseme. Wale wa milimani wanaishi penye maji ya kasi na samaki wawindaji wachache. Wale wa Kongo wanaishi na wawindaji kila upande. Kutenganisha joto na uwindaji hapo ni kazi inayostahili shahada nzima, na ningefurahi kumwona mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akiichukua.

Kisha kuna Alcolapia grahami wa Ziwa Magadi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka jijini, anayeishi katika chemchemi za magadi zenye joto linalozidi nyuzi 40 na pH ya karibu 10 (kinyume kabisa cha asidi). Ni ushahidi ulio karibu nasi wa jinsi joto na kemia ya maji vinavyokuja vikiwa vimeshikana, kiasi kwamba huwezi kubadilisha kimoja ukaacha kingine.

Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wanaweza kuanzia wapi?

Makavazi ya Taifa yana mkusanyiko wa samaki waliohifadhiwa kutoka mito na maziwa ya nchi. Omba ruhusa mapema na wataonyeshwa. Kuvua kunahitaji kibali cha uvuvi, na utafiti rasmi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa hiyo usiwapeleke watoto mtoni na nyavu bila karatasi.

Kisichohitaji nyavu ni kipimajoto. Chagueni kijito kimoja, mpime maji mahali palepale alfajiri na alasiri, na muandike kiwango cha chini kabisa cha kila wiki kando ya wastani. Msiache wakati wa Julai na Agosti, hata kama ni likizo. Andikeni pia kina cha maji, kama yako kivulini, na kama yametulia au yanakwenda, kwa kuwa dimbwi lenye kina cha nusu mita hupoa usiku mmoja na lenye kina kirefu halipoi upesi hivyo. Baada ya mwaka mtakuwa na safu mbili za namba kwa kijito kimoja, na mtafiti yeyote wa samaki atazihitaji kabla hajahesabu bamba la kwanza.